Mfuko wa Yaya: Ubebe Nini Unapokwenda Kubaki na Watoto?

Katika toleo hili tunajifunza kuhusu kazi inayofanyika kila siku katika kambi yetu ya Dzaleka, nayo ni kazi ya kubaki na watoto wadogo wakati mzazi ametoka. Somo letu linajibu swali moja: yule anayebaki na watoto aje na vitu gani ili watoto wacheze vizuri na wawe salama?

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
1. Kutengeneza mfuko wa michezo bila kununua kitu.
2. Kuchagua mchezo unaofaa umri wa mtoto.
3. Kutambua vitu vya hatari na kuviondoa.
4. Kumsaidia mtoto aliyepaliwa.

YAYA NI NANI?

Kwa ndugu zetu wa Kenya na Tanzania, yaya ni mtu aliyeajiriwa kulea watoto. Kwa wengi wetu tuliotoka Kongo, yaya ni kaka au dada mkubwa. Hapa kambini maana hizo mbili zimekuwa kitu kimoja. Mama anakwenda kisimani, au kwenye foleni ya mgao, au kliniki ya wajawazito, au kibarua katika mashamba ya wenyeji wa Dowa. Anayebaki na wadogo ni dada yao, au bibi, au jirani wa mlango wa pili. Huyo ndiye yaya tunayemzungumzia.

Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994 na ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumezidi 50,000. Nyumba zimebanana, mbabula ya jirani iko hatua chache kutoka mlangoni, shimo la choo liko nyuma ya ukuta, na njia ya baiskeli na pikipiki inapita mbele. Mtoto asiye na la kufanya huondoka kutafuta la kufanya. Atalipata kwenye moto, kwenye ndoo ya maji, au chini ya kitanda ambako mmeficha sumu ya panya. Lakini mtoto aliyekaa mkekani akipanga na kubomoa vikombe yuko mahali ambapo yaya anamwona. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mfuko huu: mtoto mwenye mchezo hukaa karibu.

MCHEZO NI SEHEMU YA AFYA

Wazee wengine hutuambia, "Sisi tulikua bila hivyo vitu, na tulikua." Ni kweli kwamba hawakununuliwa vitu vya dukani. Lakini walikuwa na gunzi la kufanya mtoto wa bandia, udongo wa kufinyanga, bibi wa kuwasimulia hadithi na uwanja mpana wa kukimbilia. Hapa uwanja umepungua na bibi wengine walibaki mbali. Kwa hiyo lazima turudishe kwa makusudi kile ambacho zamani kilikuja chenyewe.

Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika miaka yake ya kwanza, nao hukua kwa chakula, kwa usalama na kwa kutumika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika hatua 10 za kutibu mtoto mwenye utapiamlo mkali, limeweka kuchezeshwa na kubembelezwa kuwa hatua ya 9. Mtoto huyo anahitaji dakika 15 hadi 30 za mchezo uliopangwa kila siku, pamoja na maziwa na dawa. Mchezo umewekwa ndani ya matibabu yenyewe.

Kuna mfano mwingine mzuri kutoka Jamaika. Katika miaka ya 1986 na 1987, watafiti mjini Kingston walichagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa jamii mara moja kwa wiki, saa moja hivi, kwa muda wa miaka 2. Mhudumu alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto, akaviacha pale. Wiki iliyofuata alileta vingine. Watoto hao walifuatiliwa mpaka wakawa watu wazima. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliochezeshwa walikuwa na mapato makubwa zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakupata huduma hiyo.

Tazameni, ndugu zangu. Wahudumu wale hawakuja na vitu vya bei. Walikuja na mfuko, mikono miwili na mdomo unaoongea.

VITU VYA KUWEKA MFUKONI

Chukua kitenge kilichochakaa au gunia safi, ushone mfuko wenye ukubwa wa kubeba begani. Usiwe mfuko wa plastiki, kwa sababu mtoto anaweza kuuvaa kichwani akakosa hewa. Kisha weka vitu kulingana na umri wa watoto unaokwenda kubaki nao.

Mtoto wa chini ya miezi 6. Huyu hahitaji vitu vingi. Chezea chake kikubwa ni uso wako. Mwangalie machoni, mwimbie, akitoa sauti nawe mjibu kwa sauti hiyohiyo, halafu ngoja ajibu tena. Beba kitambaa chenye rangi kali, nyekundu au njano, ukipitishe polepole mbele ya macho yake akifuate. Beba pia kayamba ya chupa, nayo tutaeleza hapa chini namna ya kuitengeneza.

Mtoto wa miezi 6 hadi 9. Huyu anataka kushika, kugonga, kuangusha na kutia kila kitu mdomoni. Mpe kikombe cha plastiki, kijiko kikubwa cha mti na bakuli jepesi. Akiangusha, mwokotee umpe tena. Usimkasirikie. Anajifunza kwamba kitu kikiachwa huanguka.

Mtoto wa miezi 9 hadi 12. Ficha kikombe chini ya kitambaa mbele ya macho yake, umuulize, "Kiko wapi?" Akikifunua, furahini wote wawili. Jifunike uso wako kwa kitenge, ujifunue. Mtaje majina ya watu na vitu: huyu ni bibi, hii ni sahani.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 2. Beba vitu vya kutia ndani na kutoa: kopo la plastiki lenye mdomo mpana na vipande vya kitambaa vilivyofungwa mafundo makubwa. Beba vikombe vitatu au vinne vya ukubwa tofauti, vinavyoingia kimoja ndani ya kingine na vinavyopangwa kuwa mnara. Beba mpira wa matambara uliofungwa imara, wa kuviringishiana.

Mtoto wa miaka 2 hadi 3. Mtoto wa bandia wa kitambaa anafaa sana, kwa wasichana na kwa wavulana. Mtoto atamlisha, atamlaza, atamgombeza kama anavyoona nyumbani. Beba vipande vya kitenge vyenye rangi mbalimbali, mbili mbili, ili atafute kinachofanana na mwenzake. Beba pia picha ulizokata kwenye katoni au magazeti ya zamani, ukazibandika kwenye ukurasa mgumu na kuzishona pamoja ziwe kitabu.

Mtoto wa miaka 3 hadi 5. Beba kipande cha chaki au kaa lililopoa la kuchorea chini. Beba vifuniko vya chupa vya kuhesabia, ukijua idadi yake kabla na baada. Chora picha kwenye katoni, uikate vipande vinne, aiunganishe. Wenye umri huu wanapenda pia galimoto, yale magari ambayo wavulana wetu wanayatengeneza kwa waya; lakini pindisha ncha zote za waya kwa ndani, uzifunge kwa mpira wa baiskeli.

KITU KISICHO NA UZITO

Kuna kitu kimoja cha kubeba ambacho hakijazi mfuko, nacho ni maneno. Hadithi, vitendawili, nyimbo za kupiga makofi, michezo ya vidole. Katika kambi hii kuna Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru, Kinyarwanda, Kirundi, Kichewa na lugha nyingine. Msimulie mtoto kwa lugha ya nyumbani kwake kama unaijua. Kama huijui, mwambie akufundishe jina la kikombe kwa lugha yake, nawe umfundishe la kwako. Kikombe kimoja bila maneno kitamchosha mtoto mapema; pamoja na maneno kitatosha asubuhi nzima. Kikombe ni nyumba, kesho yake ni ngoma, keshokutwa ni kofia ya mfalme.

NAMNA YA KUTENGENEZA KAYAMBA YA CHUPA

1. Chukua chupa ndogo ya plastiki ya maji au soda. Isiwe iliyokuwa na mafuta ya taa, dawa ya kuua wadudu, klorini au dawa ya hospitali.
2. Ioshe kwa sabuni, uikaushe kabisa.
3. Tia mawe madogo machache au punje za mahindi.
4. Funga kifuniko kwa nguvu. Kisha zungushia utepe wa mpira wa baiskeli shingoni na juu ya kifuniko, na juu yake ushone kitambaa.
5. Vuta kifuniko kwa nguvu zako zote. Kikitoka, kayamba hiyo haifai.
6. Ikague kila siku kabla ya kumpa mtoto. Chupa ikipasuka, itupe.

MTIHANI WA VIDOLE VITATU

Mtoto wa chini ya miaka 3 hujua ulimwengu kwa mdomo. Kabla ya kutia kitu mfukoni, kipime kwa vidole vitatu vya mtu mzima vilivyobanwa pamoja. Kama urefu wake na upana wake havifikii vidole vitatu, kisipewe mtoto wa chini ya miaka 3. Kwa mtihani huu, vifuniko vya chupa vimefeli, pamoja na shanga, vifungo, sarafu, maharage, karanga na punje za mahindi. Kama una watoto wa umri mbalimbali, vifuniko vya kuhesabia vya mkubwa vitolewe tu wakati mdogo amelala au amebebwa.

Vitu vingine visiingie mfukoni hata kidogo:
– Betri za aina zote. Zile ndogo za mviringo kama kifungo, za saa na tochi ndogo, ni mbaya kuliko zote. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa 2. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama halii.
– Kamba ndefu. Kamba ya chezea isizidi shubiri moja, isije ikamkaba shingoni.
– Mikebe ya bati iliyokatwa, kwa sababu ya makali yake.
– Maputo na vipande vya puto lililopasuka.
– Paketi na chupa za dawa, hata zikiwa tupu. Mtoto akizoea kuchezea chupa ya dawa, siku moja ataikuta imejaa.

Maji ni mchezo mtamu, lakini mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita 5 tu. Mkicheza na beseni, kaa mahali ambapo mkono wako unamfikia, na mkimaliza mwaga maji papo hapo.

USAFI WA MFUKO

Mfuko unaotoka nyumba hii kwenda nyumba ile unaweza kubeba ugonjwa. Tunakumbuka kipindupindu kilichoanza Malawi mwezi Machi 2022 na kuendelea mwaka 2023, ambacho kiliua zaidi ya watu 1,700 nchini. Kwa hiyo:
– Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza, na watoto nao wanawe.
– Osha vitu vya plastiki kwa maji safi na sabuni baada ya kila matumizi, uvianike juani.
– Fua mfuko, mpira na mtoto wa bandia kila wiki.
– Vilivyotumiwa na mtoto mwenye kuhara visiguswe na mwingine mpaka vioshwe.

MTOTO AKIPALIWA

Akiweza kukohoa kwa nguvu, kulia au kusema, mwache akohoe, ukae naye. Usimpe maji. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, kwa maana utakisukuma ndani zaidi. Kama hawezi kukohoa, kulia wala kupumua, piga kelele watu waje, na uanze mara moja:

Mtoto wa chini ya mwaka 1: Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ushikilie taya lake. Mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kisigino cha kiganja. Kitu kisipotoka, mgeuze chali, ubonyeze katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, mara 5 kwa kisigino cha kiganja kimoja. Rudia yote mawili mpaka kitoke.

Mtoto wa zaidi ya mwaka 1: Mwinamishe mbele, umpige mgongoni katikati ya mabega mara 5. Kisipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, umzungushie mikono, weka ngumi juu ya kitovu na chini ya mfupa wa kifua, uvute kwa ndani na juu mara 5. Rudia yote mawili.

Akizimia, akimbizwe kituo cha afya huku aliyefundishwa kufufua akimhudumia. Mtoto aliyevutwa tumboni apelekwe kupimwa hata kama kitu kimetoka.

MASWALI TUNAYOULIZWA TUNAPOTEMBELEA NYUMBA

Swali: Nikimpa simu anatulia kabisa. Kuna ubaya gani?
Jibu: Ametulia, lakini hatembei, hashiki na haongei na mtu. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asitazame kioo cha simu wala televisheni, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Simu ibaki kwa kumpigia mama kukiwa na shida.

Swali: Watoto wananyang'anyana mpaka wanapigana. Nifanye nini?
Jibu: Vile wanavyovipenda sana beba viwili viwili. Tena usimwage mfuko wote kwa mara moja. Toa vitu vichache, wakivichoka virudishe, utoe vingine. Mfuko ukiisha saa ya kwanza, saa ya pili utakuwa na kilio.

Swali: Mtoto analia sana mama anapoondoka. Si afadhali mama atoroke?
Jibu: Hapana. Mtoto aliyetorokwa hujifunza kumganda mama kila saa. Mama amuage kwa maneno mafupi, aseme atarudi, aende. Amwachie kitenge chake chenye harufu yake. Hicho nacho ni kitu cha mfuko.

Swali: Mtoto ninayebaki naye haoni, na mwenzake hawezi kukaa.
Jibu: Nao wanacheza. Asiyeona mpe vitu vya sauti na vya kupapasa: kayamba, kitambaa laini, gunia la kukwaruza. Asiyeweza kukaa mkalishe mapajani kwako umwegemeze kifuani, mikono yake iwe huru kushika.

KWA MZAZI, KABLA YA KUTOKA

Mfuko ni wa yaya, lakini usalama unaanza kwa mzazi. Mwambie yaya mambo manne: unakwenda wapi, utarudi saa ngapi, mtoto atakula nini, na jirani gani mtu mzima aitwe kukiwa na shida. Zima mbabula, funika maji, weka dawa juu. Usimwachie mtoto mdogo mtoto mchanga kwa siku nzima, maana yaya wa miaka 10 naye ni mtoto anayehitaji kulindwa.

Halafu kuna jambo la shule. Tunawaona wasichana wanaokosa darasa kila siku ya mgao kwa sababu wao ndio mayaya wa nyumba. Ninyi akina mama wa mstari mmoja mnaweza kupeana zamu: leo mmoja abaki na watoto wa nyumba nne, siku nyingine abaki mwingine, na mfuko uwe mmoja kwa wote. Akina baba na vijana wa kiume nao waingie katika zamu. Kwa namna hiyo mdogo atacheza na dada yake atasoma.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Anayemlea kwa saa tatu za foleni naye anamlea, kwa hiyo tumpe vifaa vya kazi yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mstari wenu, nani hubaki na watoto siku ya mgao? Je, anakosa shule?
2. Tajeni vitu vitano vilivyo nyumbani kwenu sasa hivi vinavyoweza kuingia mfukoni. Vipimeni kwa vidole vitatu.
3. Ulichezea nini ulipokuwa mtoto kijijini kwenu? Unaweza kukitengeneza hapa?

Kazi ya nyumbani: Kila mmoja atengeneze kitu kimoja cha kuchezea kwa vitu visivyonunuliwa, akilete kwenye mkutano ujao wa kikundi chake cha afya. Mhudumu wa mstari wenu atavikagua pamoja nanyi, na mtafanya mazoezi ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa kwa kutumia mtoto wa bandia.